Mwiko, kishindilio au gololi? Vifaa vya mkono vya kuumbia kompoziti kwenye meno ya mbwa

Kazi kubwa imekwisha. Mifereji ya mizizi mitatu ya gego la juu imesafishwa na kujazwa, eksirei imeonyesha kila mzizi umezibika mpaka nchani, na mbwa bado amelala kwa nusukaputi huku moyo wake ukienda vizuri. Kimebaki kitu kimoja: kuziba matundu tuliyopitia, kila moja na upana wa milimita mbili tatu. Unaweka kompoziti, mchanganyiko mzito wa kuzibia meno unaogandishwa kwa mwanga wa taa, unaibonyeza, unainua mkono, nayo inainuka pamoja na kifaa. Unairudisha. Inainuka tena, na safari hii imeacha uwazi pembeni. Msaidizi anatazama mapigo ya moyo kwenye mashine, wewe unatazama saa ya ukutani.

Nilipoanza kutibu meno ya mbwa nilipoteza dakika nyingi namna hiyo, na kila mara nililaumu kompoziti: imepitwa na muda, ni ya bei rahisi, chumba kina joto. Tatizo lilikuwa mkononi mwangu. Nilitumia spatula ya chuma iliyotoka kwenye seti ya zamani ya amalgamu, kizibo cha metali iliyochanganywa na zebaki, na bapa lake lilikuwa limejaa mikwaruzo ambayo sikuiona mpaka nilipoliweka chini ya lenzi. Tangu hapo nimepitia maumbo mengi na nyuso nyingi, na uamuzi wangu nitausema mapema kwa ajili ya mwenye haraka. Kliniki inayoanza inunue kifaa kimoja chenye ncha mbili, upande mmoja spatula nyembamba, upande wa pili kishindilio kidogo, kilichopakwa nitridi ya titani, tabaka gumu la rangi ya dhahabu. Iongeze gololi moja ndogo. Vingine vinaweza kusubiri, na kuna kimoja hapa chini ambacho sioni sababu ya kukinunua kabisa.

Neno moja kuhusu majina. Spatula wasaidizi wetu huiita mwiko, kwa kuwa inafanana na mwiko wa fundi mwashi na kazi ni ileile ya kutandaza na kulaza. Kishindilio ni kile chenye kichwa bapa kama mchi mdogo. Gololi ni kile chenye kichwa cha duara. Katalogi zina majina marefu kuliko haya, lakini vichwa vyenyewe utavitambua kwa macho.

Jino lenyewe kwanza

Vifaa vingi vilivyoko madukani vimetengenezwa kwa ajili ya kinywa cha mtu. Gego la mtu husaga, kwa hiyo lina vilima na mabonde ambayo daktari lazima ayarudishe akiliziba, la sivyo mgonjwa atalalamika kwamba meno hayakutani sawasawa. Gego kubwa la mbwa hukata. Lile la juu, ambalo kwa namba za Triadan, mfumo wa kuyahesabu meno ya wanyama, ni 108 upande wa kulia na 208 upande wa kushoto, hupita kwa nje ya gego la chini, 409 au 309, kama bapa mbili za mkasi. Kompoziti ikichomoza pale haitasagika polepole ikajirekebisha. Itagongwa siku mbwa anapotafuna mfupa au jiwe, na itang'oka ikiondoka na kipande cha enameli, lile ganda gumu la nje la jino.

Na enameli yenyewe ni kidogo. Kwa mbwa unene wake mara nyingi haufiki milimita 0.6, kwa paka ni nyembamba zaidi, wakati kwenye kilele cha gego la mtu inaweza kufika milimita 2.5. Ukingo ambapo kompoziti inakutana na jino la mbwa ni mwembamba kama ganda la yai. Hapo ndipo kizibo hufaulu au hufeli, kwa sababu kompoziti husinyaa inapoganda, kwa kawaida asilimia 2 hadi 3 ya ujazo wake, na kila uwazi uliouacha ukingoni kabla ya kuwasha taa utakuwa mkubwa zaidi baada ya taa.

Kwa hiyo kifaa tunachokitafuta sisi ni kile kinacholaza na kufunga ukingo. Uwezo wa kuchonga vilima vizuri hautusaidii sana. Nimeona wenzetu wakitumia dakika kumi kujenga upya ncha ya chonge ya mbwa wa ulinzi kwa kompoziti, ikapendeza kweli, na ikaondoka mara ya kwanza mbwa alipouma waya wa banda lake. Ncha ya chonge ya mbwa wa kazi, kama ni lazima irudi, inahitaji kofia ya chuma. Kompoziti ibaki kwenye kazi inayoiweza: kuziba matundu ya matibabu ya mizizi juu ya tabaka la glasi ionoma (aina ya sementi ya meno), kufunika dentini, sehemu ya jino iliyo chini ya enameli, iliyofichuka baada ya jino kumeguka bila kufika kwenye neva, kujaza madoa ya enameli iliyoharibika utotoni, na mara chache kuziba jino lililooza.

Historia kidogo inaeleza kwa nini maduka yamejaa vifaa visivyotufaa. Mpaka katikati ya karne iliyopita kizibo kilishikiliwa na umbo la tundu: ulichimba tundu pana chini kuliko juu, ukashindilia metali kwa nguvu, ikanasa. Mwaka 1955 Michael Buonocore, huko Marekani, alionyesha kwamba asidi ya fosforasi ikipakwa kwenye enameli huifanya ishike resini, utomvu wa kutengenezwa unaoganda kama plastiki. Mwaka 1962 Rafael Bowen akapata hataza ya resini ya Bis-GMA, ambayo mpaka leo ni msingi wa kompoziti nyingi. Kuanzia hapo kizibo kinashikwa kwa gundi, na mkono hauna tena haja ya kukandamiza kwa nguvu. Lakini maumbo mengi ya vifaa yalibaki yaleyale ya enzi za metali: vichwa vipana, shingo nene, visu vya kuchongea.

Spatula na kishindilio

Hawa wawili ndio wanaoshindana kila siku, na ukweli ni kwamba kila mmoja anashindwa pale mwenzake anapoweza.

Spatula ni nzuri kwenye ukingo. Bapa lake likiwa jembamba unaweza kuliegemeza nusu juu ya enameli na nusu juu ya kompoziti, kisha ukavuta kutoka katikati ya kizibo kwenda nje, jinsi fundi anavyomalizia lipu kwenye fremu ya dirisha. Mwelekeo huo ni muhimu kuliko chapa ya kifaa. Ukivuta kutoka kwenye jino kuja katikati, unaibandua kompoziti kwenye ukingo ambao umetoka kuubandika.

Unene wa bapa ndio wa kuulizia dukani. Zipo spatula zinazonesa, kama zile za Goldstein Flexi-Thin za Hu-Friedy wa Chicago, ambazo bapa lake ni jembamba mno na hupinda kidogo ukilibonyeza. Kwenye shingo ya jino, karibu na ufizi, na kwenye mgongo wa mviringo wa chonge, mneso huo ni baraka: bapa linafuata umbo la jino bila wewe kugeuza kiwiko. Lakini kwenye kompoziti ngumu linakusaliti. Unabonyeza, bapa linapinda, kompoziti inabaki pale pale. Mimi kwa kazi ya kawaida nachagua bapa la wastani, jembamba nchani lakini lisilonesa sana, na ile inayonesa naiona kama kifaa cha pili cha mwenye kazi nyingi za ukingoni.

Ndani ya tundu, spatula haina la kufanya. Tundu la kuingilia mzizi wa chonge, ambalo hutobolewa ubavu wa mbele wa jino milimita chache kutoka ufizini, lina upana wa milimita mbili au zaidi kidogo. Bapa la spatula nyingi lina upana huohuo. Ukilisukuma humo linafunika mlango, hewa inanaswa chini, na eksirei ya baada ya miezi sita inakuonyesha kiputo cheusi chini ya kizibo kinachong'aa.

Hapo ndipo kishindilio kinapoingia, mradi kichwa chake ni chembamba kuliko tundu. Seti nyingi za watu zina vishindilio vilivyokusudiwa matundu makubwa ya magego, na ukubwa wa milimita mbili na nusu hautufai. Tafuta kichwa cha milimita moja hadi moja na nusu. Ibonyeze kompoziti nacho kwa kugusagusa, kisha kitoe kwa kukitelezesha ubavuni kwenye ukuta wa tundu. Kukiinua wima ndiko kunakoivuta kompoziti juu. Hiki ndicho kifaa pekee kitakachokuhakikishia kwamba tabaka la chini limegusa glasi ionoma.

Na kwa kuwa taa ya buluu haigandishi vizuri zaidi ya milimita 2 za kompoziti ya kawaida, nakusihi upime kina kabla ya kujaza. Kijiti chenye alama cha kupimia mifuko ya ufizi, ambacho tayari kiko kwenye trei, kinatosha. Ukijua tundu lina kina cha milimita 5 chini yake kukiwa na glasi ionoma ya milimita 1, unajua una matabaka mawili mbele yako, na kishindilio kinatumika kwa yote mawili huku spatula ikingoja la juu tu.

Umbo linalounganisha vyote viwili, spatula upande mmoja na kishindilio upande wa pili, linajulikana kwa jina la Woodson. Ni la zamani, halina urembo, na linapatikana karibu kila duka la vifaa vya meno. Namba zake hutofautiana kwa ukubwa wa kichwa. Chukua kile kidogo.

Gololi

Watu huidharau kwa sababu inaonekana kama kifaa cha kung'arishia amalgamu, na kweli ilianzia huko. Lakini duara hugusa kompoziti mahali padogo sana, na panapoguswa kidogo pananata kidogo. Kwa tabaka la chini linalogoma kuachana na kishindilio, gololi ndogo mara nyingi humaliza ugomvi.

Sehemu yake halisi ni magego ya nyuma. Mbwa hawaozi meno sana kama watu, ila wanapooza, ni mara nyingi kwenye shimo la katikati la gego la kwanza la juu, 109 au 209, au kwenye gego la kwanza la chini. Huko meno ya mbwa husaga kweli, na kizibo kinatakiwa kiwe na bonde kidogo. Gololi ya milimita moja na nusu au mbili ikikandamizwa katikati mara mbili tatu huacha bonde hilo bila kuchonga chochote. Spatula ingekupa uso tambarare, na jino linaloshuka juu yake lingeugonga.

Usiitumie kwenye uso wa chonge. Inaacha vidimbwi kama vidole kwenye unga wa chapati, na kuvifuta kwa diski za msasa baadaye kunachukua muda mrefu kuliko ulioutumia kujaza.

Vile visivyo na chuma

Burashi nyembamba ya nyuzi za plastiki ina nafasi moja ambayo hakuna kingine kinaikaribia: madoa mapana, yasiyo na kina, ya enameli iliyoshindwa kukua. Mbwa aliyeugua distempa, ugonjwa wa virusi wa mbwa, akiwa mtoto, meno yake ya kudumu yakiwa bado yanajengeka ndani ya taya, huota meno yenye mabaka ya kahawia yasiyo na enameli. Pale unapaka kompoziti laini kwa unene mdogo, na kila alama ya bapa inabaki. Burashi iliyoguswa kidogo kwenye resini ya kuundia, ile ya kulowanishia vifaa, huitandaza bila alama. Ni ya kutumia mara moja na kutupa.

Ivoclar wa Liechtenstein wanatengeneza OptraSculpt Pad, mpini wenye vibandiko vya sponji vya milimita 4 na milimita 6, navyo hutupwa baada ya mgonjwa mmoja. Kwa meno ya mbele ya mtu ni kifaa kizuri sana. Kwa mbwa, kibandiko cha milimita 6 ni kikubwa kuliko karibu kila kizibo ninachoweka, na kile cha milimita 4 kinafaa kwenye ubavu wa chonge ya mbwa mkubwa pekee. Mwenye wagonjwa wengi wa aina hiyo anaweza kuvimudu. Mimi kazi hiyo naifanya kwa utepe.

Na utepe huo unastahili maneno zaidi, ingawa hauna mpini. Ni utepe wa plastiki mwangavu, unaouzwa kwa mafungu, wa bei ndogo kuliko kitu kingine chochote katika ulinganisho huu. Ukishajaza chonge, unauzungusha juu ya kizibo, unaukaza kwa vidole viwili na kuwasha taa kupitia humo. Hufanya mambo matatu kwa mkupuo: unabana kompoziti kwenye mviringo wa jino vizuri kuliko bapa lolote linavyoweza, unazuia hewa kugusa uso, na unaacha uso laini kabisa. Kuzuia hewa ni jambo la maana, maana oksijeni huzuia tabaka la juu kabisa la resini lisigande, na tabaka hilo la kunata hushika uchafu na ukoga. Kwa tundu la chonge, utepe ukishirikiana na kishindilio hushinda kila spatula niliyowahi kushika. Kwenye 108 haukai vizuri kwa sababu ya mabonde ya jino, na huko spatula inarudi kwenye kiti chake.

Kisu cha kuchongea cha Hollenback ndicho ninachosema usikinunue kwa kazi hii. Kiliundwa kwa nta na amalgamu, vitu vinavyochongeka vikiwa nusu vigumu. Kompoziti haina hali hiyo ya katikati: kabla ya taa inaburutika, baada ya taa ni ngumu. Ziada iliyoganda ukingoni huondolewa kwa kisu cha upasuaji namba 12 na kisha diski.

Uso wa kifaa

Maumbo yakishajulikana, swali la pili ni kimetengenezwa kwa nini au kimepakwa nini. Hapa muuzaji atakueleza mengi. Jedwali hili ni la kukusaidia kumsikiliza.

| Uso | Unavyonata | Unavyodumu | Ninavyouona |
|---|---|---|---|
| Chuma kitupu kisichoshika kutu | Sana, zaidi ukikwaruzika | Miaka, ukingo ukitunzwa | Kinafaa kwa gololi na kwa asiye na kingine |
| Nitridi ya titani, rangi ya dhahabu | Kidogo | Mrefu, mpaka dhahabu iishe ukingoni | Chaguo langu la kwanza |
| Teflon | Kidogo sana kikiwa kipya | Mfupi | Sinunui tena |
| Plastiki ya kutupa | Wastani | Mgonjwa mmoja | Akiba ya dharura |
| Ncha ya silikoni | Karibu haunati | Inategemea mtengenezaji | Kulainisha uso tu |

Chuma kitupu kina tatizo ambalo halionekani mpaka uelewe ndani ya kompoziti kuna nini. Sehemu kubwa ya uzito wake si resini. Ni chembe za glasi, silika au zirkonia, nazo ni ngumu. Kila ukitandaza, unapiga msasa kifaa chako mwenyewe. Chuma kinakwaruzika, mikwaruzo inashika resini, resini inavuta kompoziti. Wakati mwingine chuma kilichosagika huacha mstari wa kijivu juu ya kizibo cheupe. Mwenye mbwa akiuona atadhani jino limeanza kuoza upya.

Nitridi ya titani ni tabaka la mikromita chache tu juu ya chuma hichohicho, lakini ugumu wake ni mara kadhaa ya ugumu wa chuma cha vifaa vya meno, kwa hiyo chembe za kompoziti haziukwaruzi kirahisi. Haizuii kunata kabisa, na muuzaji akikuambia vinginevyo anakudanganya. Inachofanya ni kubaki laini kwa muda mrefu. Masharti yake ni mawili: usikinoe kamwe, na usikikwangue kwa ncha nyingine ya chuma. Dhahabu ikishatoka ukingoni, ulichonacho ni spatula ya chuma iliyokugharimu zaidi.

Teflon ni ileile ya kikaango. Kila mpishi anajua kikaango hicho kinavyopendeza wiki ya kwanza na kinavyokuwa baada ya kijiko cha chuma kupita. Chembe za kompoziti ndizo kijiko cha chuma.

Ncha za silikoni ningependa nizisifu zaidi, maana kompoziti haizishiki kabisa. Lakini hazina nguvu ya kusukuma. Ukibonyeza, zinapinda na kupita juu. Mwenye meno mengi ya enameli mbovu atazipenda. Kwa tundu la mzizi hazina kazi.

Cha kulowanishia

Wengi huchovya spatula kwenye spiriti ili isinate, na nilifanya hivyo miaka. Tatizo ni kwamba spiriti isiyokauka inaingia kwenye kompoziti na kubaki kati ya matabaka. Siku hizi spiriti naitumia kwa jambo moja, kufuta kifaa kwa gozi kati ya tabaka na tabaka, halafu nasubiri kikauke. Gundi ya jino pia hutumiwa, na nyingi zina kiyeyushi ndani yake, kwa hiyo hoja ni ileile. Ipo resini ya kuundia isiyo na kiyeyushi, iliyotengenezwa kwa kazi hii. Tone moja kwenye gozi, unapangusia bapa, basi. Bapa liwe na ung'avu bila umajimaji.

Kabla ya kulowanisha chochote, angalia joto la kompoziti yenyewe. Ikitoka friji moja kwa moja ni ngumu, inagoma kukutana na kuta za tundu. Mombasa mchana wa Februari bila kiyoyozi inalegea na kunata kwenye kila kitu. Nairobi asubuhi ya Julai utadhani umepewa bomba lililoisha muda. Iache itulie kwenye joto la chumba kabla ya mgonjwa kulala, na taa kubwa ya upasuaji igeuzwe pembeni wakati wa kuumba, kwa kuwa nayo huanza kuigandisha kabla hujamaliza.

Paka na farasi, kwa kifupi

Kwa paka, maumbo yaleyale katika ukubwa wa chini kabisa, na kwa chonge karibu peke yake. Meno ya paka yanayoliwa kwenye shingo na ugonjwa wa kumeng'enyeka hayazibwi. Zamani yalizibwa kwa glasi ionoma, na ugonjwa uliendelea chini ya kizibo huku paka akiumia kimya. Sasa jino hung'olewa au taji lake kukatwa kulingana na eksirei. Usinunue kifaa kwa ajili ya kazi isiyopaswa kufanyika.

Farasi ni ulimwengu mwingine. Magego yake ya juu yana vikombe ndani vinavyoweza kuoza na huzibwa kwa kompoziti, farasi akiwa amesimama kwa dawa ya kumtuliza. Mkono wa mtu haufiki huko na kifaa cha sentimita 17. Vinahitajika vishindilio vya mpini mrefu vya farasi, na spatula zote nilizozitaja hapa hazina faida.

Ukienda dukani

Wengi wetu Afrika Mashariki tunanunua kwenye maduka ya vifaa vya meno ya binadamu, kwa sababu ndiyo yaliyopo. Si vibaya, ukijua unachotafuta. Shika mpini kwanza: mpini mwembamba kama penseli huchosha vidole, mpini mnene na mwepesi hukuruhusu kushika bila kubana, na katika kazi inayohitaji mguso mwepesi hilo linaonekana kwenye kizibo. Kisha pima kichwa kwa rula. Usiamini namba ya katalogi. Uliza kama kinastahimili mvuke wa nyuzi 134 za Selsiasi, na kama muuzaji hana jibu, kwa kifaa chenye ncha ya silikoni au plastiki chukulia kwamba hakistahimili.

Jihadhari na zawadi. Amalgamu inaachwa polepole, hasa tangu Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki kuanza kutumika mwaka 2017, na madaktari wa meno wenye moyo mwema wanatugawia seti zao za zamani. Nimepokea moja kwa shukrani. Vishindilio vyake ni vipana, na kifaa kilichogusa amalgamu hakipaswi kugusa kompoziti, kwa hiyo niliviweka pembeni kwa kazi nyingine.

Kuvitunza

Katika upasuaji mmoja wa mzizi, trei ina vitu viwili vinavyoua vifaa hivi au kazi yake. Cha kwanza ni dawa ya klorini tunayosafishia mifereji, ndugu wa jiki. Hutafuna chuma kisichoshika kutu kikiachwa humo, na haupiti muda bapa linakuwa na vishimo. Kamwe usiloweke spatula kwenye jiki eti kuua vijidudu. Osha kwa sabuni, kausha, peleka kwenye mvuke. Cha pili ni mafuta ya karafuu, yujenoli, yaliyomo kwenye baadhi ya sementi za kuzibia mizizi. Yujenoli huzuia resini kuganda. Kishindilio kilichogusa sementi hiyo kikarudi kwenye kompoziti bila kufutwa huacha tabaka la chini likiwa laini, na hutajua mpaka kizibo kianguke. Mimi nina vishindilio viwili vinavyofanana, kimoja kimefungwa utepe mwekundu kwenye mpini. Chekundu hakigusi kompoziti.

Futa bapa kabla ya kuwasha taa kila mara, maana kompoziti iliyoganda juu ya spatula haiondoki bila kukwaruza. Na kila mwisho wa wiki chukua kipande cha pamba, kivute taratibu juu ya ukingo wa kila kifaa, pande zote mbili. Nyuzi zikinasa popote, hata moja, kifaa hicho kitoe kwenye trei ya kompoziti siku hiyohiyo.